Pikapu ya Petroli Isiyotulia Ikisimama: Tafuta Chanzo Kabla ya Kugusa Kabureta

Gari likiwa mwendoni linavuta vizuri, lakini ukiondoa mguu kwenye pedali ya mafuta na kusubiri kwenye makutano, injini inaanza kutikisika, inakosa hapa na pale, usukani unatetema mikononi, na mara nyingine inazimika kabisa. Wenye Hilux, Datsun, Land Cruiser na Peugeot 504 za enzi ya kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa), ambazo hadi leo zinabeba maziwa, viazi, miwa na mbao kati ya Molo na Ahero nchini Kenya, wanaifahamu hali hii. Jambo la kwanza ambalo wengi hufanya ni kuchukua bisibisi na kuzungusha skrubu za kabureta. Mwongozo huu unashauri kinyume chake: kabureta iguswe mwisho. Skrubu ya mchanganyiko inaweza kufunika kwa siku chache ubovu wa plagi, wa tapeti (vipande vinavyosukuma vali) au wa hewa inayopenya mahali isipotakiwa, kisha ubovu ule unarudi, na sasa kabureta nayo imeshaharibiwa mpangilio wake.

Kuna maelezo mengine yanayotolewa haraka mno, nayo ni ya mwinuko. Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Nakuru takriban mita 1,850, na barabara ya kwenda Eldoret hupita mita 2,700 pale Timboroa. Kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi, ilhali jeti za kabureta, yaani vitundu vinavyopitisha petroli, hazibadiliki, kwa hiyo petroli huzidi hewa na mchanganyiko kuwa mzito. Hilo ni kweli. Lakini safari ya kutoka Kisumu hadi Nakuru huongeza uzito wa mchanganyiko kwa asilimia 3 au 4 hivi, kiasi ambacho injini nzima hukivumilia bila dereva kutambua. Pikapu inayotulia Kisumu na kushindwa kutulia Nakuru ilikuwa imeshachoka mahali fulani kabla ya kupanda mlima. Mwinuko umeufichua tu udhaifu uliokuwepo. Fundi anayekwambia kwamba gari ni sawa ila hewa ya huku ndiyo mbaya hajamaliza kazi yake.

Sikiliza kabla ya kufungua

Egesha gari mahali tambarare na pa wazi, si ndani ya gereji iliyofungwa, kwa sababu moshi wa petroli una gesi isiyo na rangi wala harufu ambayo huua. Vuta breki ya mkono, weka gia huru, weka mawe kwenye magurudumu, na uwe na kizimamoto au ndoo ya mchanga karibu. Mikono ya shati, kamba na mitandio ikae mbali na feni. Iache injini ipate joto kamili, kisha hakikisha kwamba choki (kibamba kinachopunguza hewa injini ikiwa baridi) imefunguka yote. Asubuhi za baridi za Nakuru na Molo humfanya dereva aivute choki mapema, na kebo iliyoshika kutu huibakiza nusu wazi mchana kutwa. Inasikitisha kuona mtu amenunua plagi na koili mpya wakati kilichohitajika ni tone la oili kwenye kebo.

Sasa sikiliza. Ikiwa injini inakosa kwa mpangilio, yaani pigo lilelile linapotea kila mzunguko, shuku silinda moja: plagi yake, waya wake au vali yake. Ikiwa inakosa ovyo bila mpangilio, shuku pointi (swichi ndogo inayokata umeme ili cheche itokee), kondensa yake au hewa inayopenya. Ikiwa inapanda na kushuka kama inayohema, huku harufu ya petroli ikisikika na moshi mweusi ukitoka, mafuta yamezidi.

Kipimo kizuri kisichogharimu chochote ni cha karatasi. Kata kipande cha karatasi ya daftari, kishike pembeni kwa vidole viwili, na ukiache kining'inie karibu na mdomo wa bomba la moshi. Katika injini nzima karatasi husukumwa nje mfululizo kwa mipigo iliyo sawa. Silinda isiyowaka hufanya karatasi isite kidogo kila zamu yake inapofika. Lakini karatasi ikivutwa nyuma na kugonga bomba, kisha ikasukumwa tena, hiyo ni dalili kubwa ya vali ya moshi isiyofunga, na hapo utafanya vyema kuruka moja kwa moja hadi sehemu ya tapeti hapa chini kabla hujatumia pesa kwingine.

Kipimo cha pili: ondoa kifuniko cha filta ya hewa, chukua kipande cha ubao laini na uzibe mdomo wa kabureta kidogo kidogo. Usitumie kiganja, kwa maana injini iliyoharibika taimingi (wakati cheche inapotoka) inaweza kurudisha moto juu. Injini ikitulia unapoziba, ilikuwa inapata hewa kupita kiasi. Ikizidi kuwa mbaya na kutaka kuzimika papo hapo, tatizo si hewa nyingi. Filta yenyewe nayo itazamwe. Vumbi la kiangazi, Januari hadi Machi, huijaza upesi kuliko kitabu cha gari kinavyokadiria.

Umeme wa kuwasha

Ili kujua silinda ipi haifanyi kazi, chomoa waya wa plagi moja baada ya nyingine kwa koleo lenye mpira injini ikiwa inanguruma, ukiurudisha kila mmoja kabla ya kwenda kwa mwingine. Waya ukichomolewa, mzunguko unatakiwa kushuka. Silinda ambayo kuchomolewa kwa waya wake hakubadilishi chochote ndiyo mgonjwa. Ikiwa gari limebadilishiwa mfumo wa pointi likawekewa wa kielektroniki, zima injini kwanza, chomeka plagi ya akiba kwenye ule waya na uifunge kwenye chuma cha injini, ndipo uwashe, kwa sababu cheche isiyo na pa kwenda inaweza kuunguza kifaa hicho.

Kisha fungua plagi zote na uzipange kwa utaratibu zilivyotoka, usizichanganye. Rangi ya hudhurungi hafifu ni nzuri. Masizi makavu meusi yanaonyesha mafuta mengi au cheche dhaifu, weupe unaonyesha hewa nyingi, na unyevu wa oili unaonyesha ringi au mihuri ya vali iliyochakaa. La msingi zaidi ni kulinganisha: zote zikifanana, tafuta chanzo kinachozigusa zote, kama kabureta, koili au pointi; moja ikitofautiana na wenzake, shughulika na silinda hiyo peke yake na uiache kabureta. Nafasi ya plagi kwa mifumo ya pointi huwa karibu milimita 0.7 hadi 0.8. Nunua plagi kwa muuzaji unayemwamini, maana plagi bandia ni nyingi na zinafanana na za kweli hadi kwenye sanduku.

Kifuniko cha distributa, chombo kinachogawa umeme kwa kila plagi, kifutwe kikauke na kitazamwe ndani kwenye mwanga wa jua. Mstari mwembamba mweusi kama uliochorwa kwa penseli kati ya kituo kimoja na kingine ni njia ambayo umeme umejitengenezea, na haufutiki kwa kusuguliwa. Kifuniko hicho hubadilishwa. Ukitaka kuthibitisha, ngoja giza, washa injini, na uinyunyizie maji membamba sana kwenye nyaya na kifuniko: palipopasuka pataonyesha cheche za buluu. Magari mengi ya upande wa ziwani husumbua asubuhi baada ya mvua ya usiku kwa sababu hii tu. Ukirudisha nyaya, fuata mpangilio wa kuwaka: 1-3-4-2 kwa Hilux, Datsun na Peugeot za silinda nne, 1-5-3-6-2-4 kwa Land Cruiser ya silinda sita. Katika Peugeot 504 silinda namba 1 ni ya upande wa flaiwili, si ya upande wa feni, jambo ambalo limewapotezea mafundi wa Toyota saa nyingi.

Pointi zifunguliwe kwa kuuzungusha mhimili hadi pembe ya kamu iliyo juu kabisa, kisha nafasi ipimwe kwa fila, vile vibamba vyembamba vya kupimia. Toyota na Datsun nyingi hutaka karibu milimita 0.45. Pointi zilizoota kichuguu upande mmoja na shimo upande wa pili hazipimiki kwa fila, kwa sababu chuma cha kipimo hukaa juu ya kichuguu na kukupa nafasi ya uongo. Zibadilishe pamoja na kondensa. Baada ya hapo shika rota na uisukume kulia na kushoto. Mhimili ukicheza, bushi za distributa zimekwisha, nafasi ya pointi inabadilika kila mzunguko, na hakuna marekebisho yoyote yatakayoituliza injini hiyo mpaka fundi wa leizi atengeneze bushi mpya. Taimingi ipimwe kwa taa yake mwishoni mwa kazi hii, bomba la vakyumu la distributa likiwa limechomolewa na kuzibwa, kwa nyuzi zilizoandikwa kwenye kitabu au kibandiko cha gari lako.

Hewa inayopenya

Injini iliyo kwenye mzunguko wa chini huvuta hewa kidogo sana, kwa hiyo ufa mdogo kiasi cha sindano unatosha kuivuruga, ilhali ufa huohuo hausikiki gari likienda kasi. Anza na mabomba ya mpira. Yanayokatika ukiyapinda yote yabadilishwe. Bana kwa koleo bomba nene linalokwenda kwenye busta ya breki: injini ikitulia, busta ndiyo inayovuja, na hapo si suala la kutetemeka tu bali la usalama wako. Bana vivyo hivyo bomba la kupumulia la injini. Chomoa bomba jembamba la distributa, livute kwa mdomo na uliweke ulimi. Mvuto ukipotea, utando wa ndani umepasuka.

Kwa gasketi za manifoldi (mabomba yanayopeleka mchanganyiko kwenye silinda) na za chini ya kabureta, mafundi wengi hunyunyizia petroli na kusikiliza. Usifanye hivyo karibu na manifoldi ya moto. Maji ya sabuni kwenye chupa ya kunyunyizia yanatosha: palipo na ufa maji yatafyonzwa kwa sauti na mzunguko utabadilika kwa muda. Hapa ndipo pia panapofichuka gasketi zilizokatwa kwenye boksi la katoni. Katoni hulowa petroli, hukauka kwa joto, husinyaa, na baada ya wiki chache inapitisha hewa. Karatasi maalumu ya gasketi ni bei ndogo kwa duka lolote la vipuri, na inastahili kila shilingi.

Sehemu inayosahaulika zaidi ni mhimili wa kipepeo cha chini cha kabureta, kibamba kinachofunguka ukikanyaga pedali ya mafuta. Baada ya miaka mingi ya kufunguka na kufungwa penye vumbi, mhimili huo hula matundu yake yakawa ya duaradufu. Ushike kwa vidole na uutikise. Ukicheza, nyunyizia maji pale unapoingia kwenye mwili wa kabureta uone kama injini inaitika. Kabureta ya namna hii haitengenezwi kwa kuoshwa, inahitaji bushi. Ningechagua kabureta ya asili iliyotiwa bushi na fundi mzuri kuliko mpya ya bei rahisi isiyo na jina, ambayo jeti zake mara nyingi si za injini yako.

Ukiwa na kipimo cha vakyumu (mvuto wa hewa ndani ya manifoldi), kumbuka mahali ulipo. Vitabu husema inchi 17 hadi 21 za zebaki, lakini hiyo ni pwani. Punguza takriban inchi 1 kwa kila mita 300 za mwinuko, ili Kisumu utarajie kama 13 hadi 17 na Nakuru kama 11 hadi 15. Sindano iliyotulia, hata ikiwa chini, ni afadhali kuliko inayochezacheza. Sindano inayoruka kwa mpangilio inaelekeza kwenye vali.

Tapeti na mgandamizo

Petroli yenye risasi iliondolewa katika nchi za kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa 2006. Ilikuwa hatua njema kwa afya za watoto wetu, ila risasi ile ilikuwa pia ikilinda viti vya vali vya injini za zamani ambavyo havikutengenezwa kwa chuma kigumu. Katika injini hizo vali ya moshi inayobebeshwa mizigo mizito huzama polepole ndani ya kiti chake, nafasi ya tapeti inapungua badala ya kuongezeka, na hatimaye vali haifungi ikipata joto. Dalili yake ni injini inayotulia vizuri ikiwa baridi na kuanza kutetemeka ikishapata moto. Tapeti zilizobana hazipigi kelele, kwa hiyo mwenye gari huridhika kwamba hazisikiki, na vali inaendelea kuungua. Pima nafasi kwa hali ile kitabu kinachotaka: Land Cruiser ya injini ya 2F hupimwa ikiwa moto, milimita 0.20 kwa vali za kuingiza na 0.35 kwa za moshi. Peugeot 504 ya petroli hupimwa ikiwa baridi, 0.10 na 0.25.

Ikiwa silinda moja bado haifanyi kazi, pima mgandamizo plagi zote zikiwa nje, waya wa koili umechomolewa na pedali ya mafuta imekanyagwa hadi mwisho. Nakuru kipimo kitasoma chini ya kitabu kwa karibu moja ya tano, na hilo lisikutie hofu. Tazama tofauti kati ya silinda na silinda. Iliyo chini sana itiwe kijiko cha oili ipimwe tena: ikipanda ni ringi, isipopanda ni vali au gasketi ya hedi.

Sasa kabureta

Anza na petroli yenyewe. Dondosha matone machache kwenye karatasi nyeupe. Petroli safi huyeyuka yote, na iliyochanganywa na mafuta ya taa huacha doa la mafuta. Ushuru wa shilingi 18 kwa lita uliowekwa kwenye mafuta ya taa mwaka 2018 ulipunguza kishawishi cha kuchanganya, lakini kipimo ni cha dakika moja tu. Badilisha filta ya mafuta, na uangalie kama bomba la petroli limelala karibu na bomba la moshi. Gari lililopanda kutoka Awasi hadi Kericho likiwa na mzigo, kisha likasimama dakika kumi, linaweza kuchemsha petroli ndani ya bakuli la kabureta na kutetemeka likiwashwa. Likitulia baada ya mwendo mfupi, kilichokosekana huenda ni kile kizuizi kinene cha joto kinachokaa kati ya kabureta na manifoldi.

Kabureta nyingi za Toyota na Nissan zina dirisha dogo la kioo ubavuni, na petroli inatakiwa kusimama kwenye alama yake. Ikiwa juu, sindano ya floti (boya la ndani ya bakuli) haifungi au floti imetoboka. Floti ya shaba itikisike karibu na sikio. Ukisikia maji ndani, imetoboka, na ukiizamisha kwenye maji ya moto povu litaonyesha tundu liko wapi.

Washa swichi bila kuwasha injini na usikilize mlio mdogo wa solenoidi ya kabureta (vali ya umeme inayofungua njia ya petroli), kwa zile zilizo nayo. Isipolia, pima umeme wake kabla ya kuilaumu, kwani waya mmoja uliochomoka unatosha kuizima injini kila unapoachia pedali. Kisha toa jeti ya mzunguko wa chini. Tundu lake ni dogo kuliko yote na ndilo linaloziba kwanza. Ioshe kwa dawa ya kabureta na kuipuliza kwa hewa ya kompresa, ukiielekeza mbali na macho. Usipitishe waya wala sindano: shaba ni laini, tundu likipanuka hata kidogo jeti imeharibika.

Ndipo sasa skrubu ya mchanganyiko. Ifunge taratibu hadi iguse, bila kuikaza, kwa maana ncha yake huumbika mfereji, kisha ifungue mzunguko mmoja na nusu hadi miwili. Washa injini yenye joto, weka mzunguko karibu na ule wa kitabu, ambao kwa wengi ni kati ya 650 na 800 kwa dakika. Fungua na ufunge skrubu ya mchanganyiko robo kwa robo hadi upate mahali injini inapokwenda kasi na laini kuliko pengine pote, rudisha mzunguko chini kwa skrubu ya kasi, na urudie mpaka hakuna nafuu zaidi. Mwisho ifunge kidogo mpaka mzunguko uanze kushuka, na uirudishe robo.

Skrubu hii hutoa habari hata inapokataa kufanya kazi. Ukiifunga yote na injini isizimike, petroli inaingia kwa njia nyingine: bakuli limejaa kupita kiasi, au kipepeo kimeachwa wazi mno na skrubu ya kasi. Ukiifungua yote na kusiwe na badiliko, njia ya mzunguko wa chini bado imeziba, au kuna hewa uliyoikosa. Hapo usiendelee kuzungusha, rudi nyuma.

Pikapu inayofanya kazi Nakuru na kulala Nakuru irekebishwe Nakuru. Inayopanda na kushuka kila wiki ningeirekebishia Kisumu, kwa kuwa mchanganyiko uliozidi kidogo mlimani huchafua plagi tu, lakini uliopungua bondeni huifanya injini iruke na kusita. Baada ya siku mbili tatu za kupata moto na kupoa, kaza tena nati za kabureta na za manifoldi injini ikiwa baridi, kwa kupishana pembe na pembe na kwa nguvu ya kiasi, kwa sababu kitako cha kabureta kilichokazwa kupita kiasi hupinda na kuanza kupitisha hewa upya.